Muulize Mama Mkubwa: Siasa za baba, mdomo wa mtoto

Wiki hii maswali yamekuja mengi ila matatu yamegongana, yote ni watoto na siasa, nikaona niyaweke pamoja, yale ya mikopo ya vikoba yasubiri. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu. Na kabla hamjaanza kunitafuta, hapa sitaji chama cha mtu wala rangi ya mtu, ninayosema yanamhusu wa chama tawala na wa upinzani sawasawa.

SWALI: Mama Mkubwa shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili naishi Tabata, mume wangu anapenda siasa mno, sio kiongozi ila ndo wale wa kijiweni, na kwenye simu ndo usiseme. Sasa kaanza kumrekodi binti yetu ana miaka saba yuko darasa la pili, anamwandikia maneno kwenye daftari, anamsimamisha uani pale kwenye simtanki anamwambia sema kwa hasira mwanangu. Mtoto anasema barabara mbovu, sijui kodi, sijui wameshindwa kazi waondoke. Watu wakacheka wakashea, klipu ikafika mpaka kwenye grupu la wazazi wa shule, mwalimu wake akaniita pembeni akaniambia mama hii kitu muiangalie. Darasani wanamwita mheshimiwa. Juzi usiku kaniuliza, mama hivi wale niliowasema wakikasirika watakuja nyumbani? Nikamwambia lala. Baba yake nikimgusia anasema mtoto ana haki ya kutoa maoni iko kwenye sheria, na kwamba mimi nataka kumlea mwoga. Nani yuko sahihi hapa? (Mama Wawili, Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mkwe wangu maana naona ndo kashika sheria mkononi. Hajadanganya, sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kifungu cha 11 inasema mtoto ana haki ya maoni, na kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuwa na mawazo yake asinyimwe haki ya kuyasema, kusikilizwa, na kushiriki kwenye maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania tuliuridhia 1991, unasema karibu hivohivo kwenye ibara ya 12, ila wenyewe unaongeza kwamba maoni yake yapewe uzito kulingana na umri wake na ukomavu wake. Sasa hebu mkwe arudie kusoma taratibu. Ni maoni YAKE mtoto. Haki imewekwa ili mtu mzima asimzibe mtoto mdomo, haijawekwa ili mtu mzima auazime. Na mkataba huohuo ukishuka chini kidogo mpaka ibara ya 16 unakuta mtoto ana haki ya faragha na heshima yake kulindwa, hiyo sijui kama kijiweni imefika.

Nilimuuliza huyu mama kwa meseji hizo video zinarekodiwaje, maana nilitaka kujua kama mtoto anaongea mwenyewe au vipi. Akanieleza. Baba kashika simu mkono mmoja, mkono mwingine daftari kalinyanyua juu ya kamera ili mtoto aonekane anatazama watu. Mtoto anafika kwenye neno miundombinu anasema miundimbinu, baba anakata, anaanza upya, mtoto anakosea tena, anaanza kujikuna mguu, mdogo wake pembeni anacheka, baba anamfukuza mdogo. Mwishoni neno linatoka vizuri na baba anasema safi, sasa lile la kodi, kwa hasira. Mtoto wa miaka saba hana hasira na kodi jamani. Hajawahi kulipa kodi. Hasira yake siku hiyo ni kwamba anataka kwenda kucheza.

Hayo si maoni, ni maigizo, na maigizo yenyewe mwigizaji hajaambiwa tamthilia inahusu nini.

Ila nisimwonee, maana najua atakachojibu, atasema mbona dunia nzima watoto wamesimama na historia imewasifu. Kweli. Kila Juni 16 tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, na hiyo tarehe imetoka Soweto, Afrika Kusini, 1976, wanafunzi weusi walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu, polisi wakapiga risasi, Hector Pieterson akafa ana miaka 12. Lakini angalia yale maandamano yalianzaje. Wanafunzi wenyewe ndo waliyapanga, wazazi wengi walikuwa wameenda kazini hawana habari. Lugha waliyokuwa wanaikataa ndo iliyokuwa inawafelisha wao darasani, sio baba zao. Hakuna aliyewaandikia kwenye daftari.

Au Birmingham, kule Alabama Marekani, Mei 1963. Pale watu wazima ndo waliwaita watoto watoke shuleni waandamane kupinga ubaguzi wa rangi, mchungaji James Bevel ndo alikuwa mbele kwenye hilo wazo, na watoto wakakamatwa kwa mamia, wakamwagiwa maji ya mipira ya zimamoto na kutishwa na mbwa wa polisi. Leo tunaona ni ushujaa na ni ushujaa kweli. Ila siku zile hata weusi wenyewe waligombana juu yake, Malcolm X, mtetezi wa weusi, alisema wazi kwamba mwanaume wa kweli hamweki mwanae mstari wa mbele, na Martin Luther King mwenyewe, kiongozi wa harakati zile, hakukubali haraka. Yaani watu waliokuwa wanabaguliwa kila siku ya maisha yao, wenye sababu nzito kuliko sababu yoyote ya kijiweni, bado walikaa wakajiuliza hivi tuna haki ya kuwatuma watoto? Mkwe wangu hajajiuliza. Kawasha kamera tu.

Na kuna kesi moja naipenda kwa sababu iko katikati, sio nyepesi kama hizo. Desemba 1965 huko Des Moines, jimbo la Iowa, watoto wa familia ya Tinker walienda shule wamevaa kitambaa cheusi mkononi kuomboleza waliokufa kwenye vita ya Vietnam. John alikuwa na miaka 15, Mary Beth 13, na wadogo zao nao walivaa, Hope ana 11 na Paul ana nane. Wakubwa wakasimamishwa shule, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1969 wakashinda kwa majaji saba dhidi ya wawili, mahakama ikasema mwanafunzi haachi uhuru wake wa maoni getini. Mi nakubali kwa John na Mary Beth. Kwa Paul nasita. Wazazi wao walikuwa watu wa dini na wapinga vita, mtoto wa miaka nane kwenye nyumba ile angewezaje kukataa kitambaa? Na nyumba yao ilimwagiwa rangi nyekundu na vitisho vikaja, hivyo havikuchagua wa miaka 15 na wa nane. Kwa hiyo hata pale nia ilipokuwa safi kabisa na hakuna aliyetafuta laiki, mtoto mdogo ndo aliyelipia kitu ambacho hakukipima.

Sasa turudi Tabata. Mkwe, najua unasoma hii, mama watoto atakuonyesha. Wewe una sura yako na una ibara ya 18 ya Katiba inayokupa uhuru wa maoni, kwa nini hujirekodi mwenyewe? Nadhani jibu unalijua. Mtoto analeta watazamaji kuliko wewe, watu wanafungua kwa sababu ya kale kasauti. Na moyoni unaamini mtoto hagusiki. Hapo kwenye kutoguswa nikukumbushe tu kwamba nchi hii mtoto wa chini ya miaka kumi hawajibiki kwa kosa la jinai, sawa, lakini akaunti ni ya kwako na simu ni ya kwako, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiangalii nani yuko kwenye picha, inamwangalia aliyetuma. Kwa hiyo kujificha nyuma ya binti hakukufichi, kunamtoa yeye mbele tu. Halafu hiyo TikTok yenyewe inataka mtu awe na miaka 13 ndo afungue akaunti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 imeweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. We unaziweka na sare ya shule juu yake! Mtu akitaka kumjua mwanao anasoma wapi, umeshamwambia.

Mama Wawili, swali lako la nani yuko sahihi nimelijibu nadhani, la kufanya nini ndo muhimu zaidi. Video zitoke kwanza, zote, na kwenye grupu la wazazi mwombe admini watu wazifute, wengi watakuelewa maana nao wana watoto, wachache hawatakuelewa na hao huwezi kuwafanya kitu. Nenda kwa mwalimu umshukuru, usiende kujitetea, alikuita pembeni hakukusema mbele za watu, huyo ni mtu wa kushikamana naye, mwambie pia la hilo jina la mheshimiwa alikomeshe kimyakimya. Na mumeo usimkabili mbele ya mtoto wala mbele ya rafiki zake wa kijiweni, atakaza shingo, mtafutie mtu mzima anayemheshimu, baba mdogo, shehe wake au mchungaji wake, hawa wanaume wetu ujumbe ukitoka kwa mke unaitwa kelele.

Halafu lile swali la usiku. Umemwambia lala. Naelewa ulikuwa umechoka na ulishtuka pia, ila mtoto hakulala pale, alinyamaza tu. Mrudie. Mwambie yale yalikuwa maneno ya baba, baba ndo mwenye kuyajibu, wewe hujakosa kitu na hutasema tena. Usimwahidi usiyoyajua na usimtishe. Na baba mwenyewe akae pale kitandani asikie mwanae akiuliza hilo swali kwa mdomo wake, hiyo itamfunza kuliko safu yangu nzima.

SWALI: Mama Mkubwa za kazi. Mi ni babu wa Mbagala, kipindi cha kampeni mjukuu wangu wa miaka minne tulimshonea kisare cha chama na kofia, nikampandisha mabegani mkutanoni akapunga mikono, kila mtu alifurahi. Mwanangu wa kike akanuna wiki nzima anasema nimemtumia mtoto. Kweli hiyo nayo ni kumtumia? Mbona sisi enzi zetu tulicheza halaiki? (Babu, Mbagala)

JIBU: Shikamoo baba. Nikujibu kwa adabu lakini nikujibu. Kumvalisha mtoto rangi za nyumbani kwenu mi naiona kama kumvalisha jezi ya Simba au Yanga, kazaliwa kakuta, akikua atabaki au atahama na wengine wanahama kweli wakati baba bado yuko hai anaumia. Hapo sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni mkutano wenyewe. Mtoto wa miaka minne kwenye uwanja wa mchanga, jua la saa nane, spika zile kubwa, watu wamebanana, fujo ikianza au hata mvua tu ikishuka kila mtu anakimbilia upande wake, we una miguu ya mzee na mtoto yuko mabegani. Ungembeba vipi? Mwanao nadhani hilo ndo lilimnunisha, siasa kaitaja tu kwa sababu ndo iliyokuwa karibu.

Kuhusu halaiki, nayo sio mfano mzuri sana baba, mi nilicheza na nilipenda, zile rangi na kupanga maumbo uwanjani hakuna aliyetuzidi, lakini tulikaa juani masaa na hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Walau ile ilikuwa sherehe ya taifa, Uhuru au Muungano, haikuwa kumwombea mtu kura. Mtu anayegombea akitaka watoto kwenye mkutano wake waje kwenye sera zake kwanza. Uchaguzi ujao mwache mjukuu kwa bibi yake, we nenda, rudi umsimulie.

SWALI: Shikamoo Mama Mkubwa, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili nina miaka 15 naishi Kigamboni. Kwetu siasa hairuhusiwi kabisa, baba anasema sio mambo ya watoto. Kipindi kile cha uchaguzi wa Oktoba tulikaa ndani siku kadhaa, intaneti hamna, nikimuuliza kunani anazima TV. Shuleni watu wanajua vitu mimi sijui kitu. Je nina haki ya kuuliza? Na je naweza kusema maoni yangu? (Denti, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mwanangu, na asante, maana we umenigeuzia upande wa pili wa kanga. Nimetoka kumgombeza baba anayemwazima mtoto mdomo, sasa huyu wa kwako anauziba.

Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi, hakuna mtoto Dar ambaye hakuona kitu. Jioni ile tukapigwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili, mtandao umekatika, watu wazima wananong'ona jikoni. Mtoto anayeambiwa si mambo yako wakati mlango umefungwa na mama anahesabu unga, atatafuta majibu kwingine, na kwingine huko ndo kwenye uongo mwingi kuliko wote. Baba yako nadhani hazimi TV kwa ubaya, anaogopa, na inawezekana hata yeye hana jibu na baba hapendi kusema mbele ya mwanae kwamba hana jibu. Lakini ndio, una haki ya kuuliza. Una miaka 15, kupiga kura bado miaka mitatu, hutakuwa mtu mwingine usiku mmoja ukifikisha 18, ni huyuhuyu wa sasa anayeulizauliza ndo atakayeenda kituoni. Muulize vizuri, sio wakati wa taarifa ya habari, muulize mkiwa mnafanya kitu kingine, mnaosha gari au mko kwenye kivuko. Usimuulize uko upande gani. Muulize enzi yake akiwa shule mambo yalikuwaje, wazee ukiwauliza enzi zao hawazimi.

La kusema maoni yako ndo nataka nikae nalo kidogo. Mtandaoni kuhusu viongozi, kwa sasa, kwa umri wako, nakuomba usiweke, sikufichi, skrinishoti haina utoto na kitu unachoandika kwa hasira leo kitakusubiri. Lakini we una siasa yako, tena unaijua kuliko mbunge yeyote, hebu nikukumbushe. Asubuhi kituoni umevaa sare, daladala inakuja, konda ananing'inia mlangoni anapaza sauti denti wawili tu! Mko ishirini. Nauli yako shilingi 200 imepangwa na serikali, konda anaihesabu kama hasara, anaziba mlango kwa mkono wake, anamshika begi yule mdogo wa darasa la tatu anamrudisha chini, mtu mzima nyuma yako anapita. Unafika shule saa mbili umechelewa, unapewa adhabu kwa kosa la konda. Hiyo ni siasa mwanangu. Bei imepangwa na mtu, usimamizi una ofisi yake inaitwa LATRA, njia na vituo vina halmashauri yake, na hakuna mtu mzima anayeweza kuyaeleza vizuri kama wewe maana sisi tunapita mlangoni.

Hapo hata baba yako hawezi kusema sio mambo ya watoto. Andikeni, wewe na wenzako, mabasi ya njia gani yanawakataa na saa ngapi, wiki mbili tatu, namba za gari, bila matusi. Mpelekee kaka mkuu na dada mkuu, wao wapeleke kwa mkuu wa shule, mkuu wa shule barua yake ikifika LATRA au kwa askari wa usalama barabarani wa pale kituoni ina uzito kuliko klipu. Kama kwenye kata yenu kuna baraza la watoto ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, kuna sehemu yanafanya kazi na kuna sehemu yamebaki kwenye makaratasi, ya kwenu utayajua ukifika. Ukitaka mtu mzima wa kusaini pembeni mwombe huyohuyo baba, mwambie ni mambo ya nauli. Atasaini, halafu baada ya mwezi mtakuwa mnaongea siasa mezani na yeye ndo atakuwa wa kwanza kuzungumza.

Na hili gazeti ukitaka asome, liache wazi asubuhi pale anapokunywa chai. Jioni usijaribu, akitoka kwenye foleni ya kivuko hasomeshwi kitu.